Bao la Namba Nne

Cato Manor, Durban
Tarehe 4 Julai 2010

Mpendwa mwanangu Huguette,

Kuna jambo nimekuficha tangu ulipozaliwa, na leo nalitoa. Lakini kwanza nikusalimu. Hujambo? Mguu wa mama yako umepata nafuu? Mimi kifua kinanibana, ngazi sipandi tena, na daktari ameacha kunidanganya. Usilie. Mkono bado unashika brashi.

Nimechora picha kubwa kama mlango: dakika ya mwisho ya fainali ya vyuo vya ualimu, Bukavu, mwaka 1962. Mvua, matope, kipa amelala chali, na mfungaji wetu yuko hewani, mpira ndio kwanza umetoka kichwani mwake. Peguy, kinyozi jirani yangu, ameitundika katika saluni yake, wateja waitazame msimu huu wa Kombe la Dunia.

Wananicheka. Mgongoni mwa mfungaji nimeandika 4, na kila mtu wa kwetu anajua mimi, Séverin, nilivaa 9.

"Papa Séverin, iko mbaya hii!" Peguy ananiambia, mashine ya kunyolea mkononi. "Umejisahau mwenyewe? Eish, weka tisa! Watu wanasema mzee akili imechoka."

"Wewe nyoa," nikamjibu. "Atakayeigusa namba hiyo ataonja fimbo yangu."

Juzi akaleta kopo la rangi. Nililimwaga kwenye sinki mbele ya wateja wake.

Namba 4 alikuwa baba yako, mdogo wangu Josias. Siku ile matope yalifunika migongo yetu, na sura zetu zilifanana. Mimi ndiye niliyebebwa mabegani. Kwa bao hilo nikapata nafasi ya kusoma Ulaya. Josias aliposema ukweli nyumbani, ukoo mzima ulimwita mwenye wivu. Amezikwa na jina hilo.

Nikishafariki, Peguy atakutumia picha. Itundike sebuleni. Ndugu wakinuna, wanune.

Nisalimie mama yako, shangazi yako Immaculée na mwanao Eddy. Mungu ailinde nyumba yako, akupe miaka mingi kuliko hasira utakayokuwa nayo juu yangu.

Limebaki moja, na hata hapa nilitaka kulikwepa. Kosa halikuwa la matope. Mkuu wa chuo alituita wote wawili ofisini, akauliza nani amefunga, apewe nafasi ya Ulaya. Tulilelewa kwamba mdogo hamtangulii mkubwa kusema. Josias akanitazama, akaningoja.

Nikasema: "Ni mimi."

Baba yako mkubwa akupendaye,
Séverin