Mgeni Halali Nje

Merigi, 12 Januari 2025

Kwa mtoto wangu Chepkurui,

Chamgei. Uko mzima? Na kifua, kile cha baridi, kimepoa? Huku tuko wazima, ni ule ng'ombe mweusi tu anasumbuliwa na mguu, lakini anakula. Chai imekaushwa na jua, tunachuma kidogo kidogo.

Nimekuandikia kwa sababu kwa simu unaniharakisha, na nikianza kulia unasema mtandao ni mbaya. Barua huwezi kuikata. Jirani yetu Elmina anakuja huko Kisumu kumwona binti yake, atakuletea. Nimeifunga vizuri, si unamjua.

Ulisema umeacha ofisi. Ati sasa unapeleka watu wa mjini msituni, wanalala kwa hema, wanaangalia ndege na nyani, halafu Jumapili wanarudi. Nimefikiria maneno hayo mpaka uji ukaungua. Chepkurui, sisi msituni tulienda kutafuta kuni, na tulirudi mbio kabla jua halijashuka. Nilikusomesha mpaka chuo cha Kabianga ili ulale kwa kitanda. Na hao watu, kwani hawana nyumba? Chui akija, si ni wewe atakupata wa kwanza mlangoni? Hata mlango hema haina, ni zipu.

Kwa kituo cha chai wananiuliza siku hizi unafanya kazi gani. Nasema uko Kisumu, halafu nainua kikapu changu naenda.

Nimekutumia sweta na kibuyu cha maziwa ya mursik. Ile jaketi nyembamba uache.

Mamako,
Rodah


Kisumu, 26 Januari 2025

Mama mpendwa,

Chamgei mising, mama. Kifua kimepona. Mursik niliificha, wenzangu wakaipata, sasa wanauliza mama anatuma lini tena. Mguu wa ng'ombe unaendeleaje?

Mama, hao watu wana nyumba, na hiyo ndiyo inawachosha. Kuna Obiero, anafanya kazi benki. Mke wake, Aluoch, aliniambia hajawahi kulala mahali hakuna taa ya barabarani. Chui sijamwona hata mmoja. Aliyekuja ni tumbili, akabeba mkate.

Mpaka sasa nilikuwa nasaidia wengine. Pasaka hii nataka kuongoza kundi langu mwenyewe, la kwanza, na nataka kuwaleta nyumbani. Pale chini unapofunga ndama, msitu si uko hapo tu? Mbega wakiruka asubuhi unawaona ukiwa umeshika kikombe chako. Nimeongea na watu wa misitu, wamekubali tutembee ndani mchana. Hema tutakuja nazo.

Wakirudi mjini na furaha, wataleta wengine, na kazi yangu itakuwa imesimama kwa miguu yake. Wakirudi wamenuna, mimi narudi ofisini. Nimeshawaambia ni kwetu. Nikubalie, mama.

Binti yako,
Chepkurui


Merigi, 9 Februari 2025

Mtoto wangu,

Chamgei. Nashukuru Mungu kwa kifua. Ng'ombe sasa anakanyaga. Mvua imetuonjesha mara moja ikaenda.

Walete hao wageni. Mgeni ni baraka. Nimeshapanga: Obiero na mke wake watalala kwa kitanda changu, wengine kwa Elmina, na godoro nitaomba kwa kina mama wa kanisa. Mimi nitalala jikoni, nimezoea moshi.

Lakini hema, hapana. Mgeni halali nje. Tangu niolewe kwa boma hili hakuna mgeni amelala nje. Hata yule mwanamume wa kuuza sufuria aliyenyeshewa, hatukumjua jina, tulimlaza ndani na sufuria zake zote.

Baba yako mdogo Hezekiah amesikia. Alikuja, akakaa, akanywa chai yangu yote, halafu akasema mbele ya watu, "Kwa hivyo wageni wa Rodah watafungwa na ndama?" Wakacheka. Mimi ni mjane, Chepkurui. Neno kama hilo likitupwa kwa boma la mjane, hakuna mwanamume wa kuliokota alirudishe.

Kama ni lazima walale nje, usiwalete.

Mamako,
Rodah


Kisumu, 2 Machi 2025

Mama,

Chamgei. Natumaini mko wazima wote.

Nimekuelewa. Lakini watu hawa wanataka kulala kwa hema, hiyo ndiyo safari yenyewe. Nimepata boma lingine, upande wa pili wa msitu. Wamekubali. Nitapita kukusalimia Jumatatu ya Pasaka tukirudi.

Binti yako,
Chepkurui


Merigi, 16 Machi 2025

Chepkurui,

Chamgei. Sisi tuko wazima. Mimi kidogo tu, usingizi umenikataa.

Barua yako niliiweka chini ya mto, na kila nikigeuka inalia. Mtoto wangu alete wageni huku kwetu, wapite na barabara yangu, halafu wapikiwe na mama mwingine? Hiyo aibu ni kubwa kuliko ya hema. Hata Hezekiah mwenyewe hangeweza kunitafutia kubwa hivyo.

Waambie hao watu wa upande wa pili kongoi, asante sana, lakini hukuji. Wageni wako walete hapa. Hema walete. Nimepata njia, na usiniulize ni gani.

Lakini ukuje na hema moja zaidi. Iwe kubwa.

Mamako,
Rodah


Merigi, 4 Mei 2025

Kwa kiongozi, mtoto wangu,

Chamgei mising. Ulifika salama, hiyo nilisikia kwa simu. Umande haukukurudishia kifua? Sisi tuko wazima, na mvua sasa imekuja sawasawa, chai imeamka.

Najua ulikuwapo, lakini ulikuwa na kazi, hukuona yote. Acha nikuambie ya upande wangu.

Ulikuwa umeshuka mtoni na wageni kuchota maji, mimi niko ndani ya ile hema kubwa natandika blanketi. Nikasikia mtu anakohoa kwa ua. Ni Hezekiah. Akaita kwa sauti, ili hata kwa Elmina wasikie, "Mwenye boma yuko wapi, wakati wageni wake wanalala kwa umande?"

Nikafungua zipu, nikatoa kichwa. Nikamwambia, "Shemeji, mwenye boma yuko hapa. Mimi niko nje, moto wa jikoni niliuhamisha uko nje, hata kibuyu kiko nje. Boma limehamia huku chini, na wageni wako ndani yake. Sasa aliyelala nje ni nani, kama si wewe?"

Aligeuka kama mtu amesahau kitu nyumbani. Akaenda. Uliporudi ukamkuta amekaa kwa moto na kiti chake na blanketi, ukafikiri nilimwalika. Sikumwalika. Hakutaka tu kulala nje.

Halafu giza lilipoingia, unakumbuka, ile sauti ikatoka juu ya miti kama mtu anakatwa. Aluoch alinishika mkono mpaka leo kucha zake naziona. Obiero akamulika tochi kila mahali, hata kwa uso wangu. Mimi sauti hiyo naijua tangu nikiwa mtoto. Nilifungua mdomo niseme. Halafu nikaufunga, kwa sababu niliona hawaniangalii mimi. Walikuwa wanakuangalia wewe, wote.

Na wewe hukusimama hata. Ulisema polepole, "Ni perere. Ni mdogo kama sungura, anaita jirani yake tu. Ngojeni, huyo mwingine atajibu."

Tukangoja. Na mwingine akajibu, kutoka upande wa mto. Watu wazima, wenye kazi zao na magari yao, wakacheka kama watoto. Hezekiah akaniinamia akasema, "Huyu ni damu ya kaka yangu." Nikamwambia na yangu iko kidogo.

Umesema kwa simu kwamba kundi la Agosti limejaa, na Aluoch anarudi na dada zake. Nilipokata simu nilikaa chini kwa nyasi za ndama nikaomba, kwa sababu sasa kazi yako imesimama kwa miguu yake. Wasiwasi bado niko nao, hiyo usitarajie itaisha. Sweta uvae. Na chui, usiniambie hayuko, wewe uangalie tu.

Jumatatu nilipeleka chai kwa kituo. Hakuna mtu aliniuliza. Nilitua kikapu mwenyewe, katikati yao, nikawaambia, "Chepkurui anaongoza watu msituni. Akisema ngojeni, wanangoja." Karani wa mizani akasema, mama, leta kikapu. Nikamwambia angoje yeye pia.

Ile hema uliyoniachia nimeianika vizuri. Elmina anataka kuilalia siku moja. Nimemwambia hayo anaomba kwako.

Ni mimi,
Mama wa Chepkurui