Kadi za Shukrani za Mazishi Yake Mwenyewe

Bi Corinne mpendwa,

Nimekwama na sina wa kumwambia, na tafadhali jina langu lisitoke gazetini maana mji wetu ni mdogo. Nina rafiki yangu Marlys, kila Alhamisi tulikuwa tunatengeneza kadi kwenye chumba cha chini cha kanisa letu la Kilutheri, tunaagiza boksi la vifaa linakuja na karatasi zilizokatwa tayari na mihuri na riboni, mabaki tunagawana, na mwaka huu Marlys akapatikana na saratani ya kongosho, nami kwa kuchanganyikiwa nikachukua kadi iliyokuwa imelala kwenye droo yangu, yenye mhuri wa "Upone haraka", nikabandika kipepeo juu nikaiposti. Ilipofika akanipigia simu, anacheka huku anakohoa, "Wewe mwanamke, hii si ya boksi la Pasaka? Na kipepeo nilikupa mimi! Mwenzangu, mimi siponi, daktari ameshaniambia nisiisubiri theluji."

Basi hapo hapo akaniomba niende kwake tumalize mabaki yake yote kwa kutengeneza kadi za shukrani, zile ambazo mumewe Duane atawatumia watu watakaokuja kumzika na kuleta vyakula, "maana nikimwachia Duane atanunua za dukani zenye maua ya zambarau, na mimi kwa hizo sizikiki." Nikamwambia nina mafua, nisije nikamwambukiza, na tangu siku hiyo kila akipiga nina mafua, mpaka mume wangu Orrin ananisema, "Mafua gani haya yasiyo na kamasi?" Bi Corinne, siwezi kukata karatasi za mazishi ya mtu aliyekaa mbele yangu anakunywa kahawa, nitalia, nitamharibia siku. Je, nikizitengeneza kwangu peke yangu kisha nikampa Duane baadaye, nitakuwa nimekosea?

Mwenye mafua, Dakota Kaskazini

Mwenye mafua,

Pole, tena pole ya moyoni. Kumpoteza mtu wa kucheka naye ukubwani ni msiba ambao watu hawauletei hata maua.

Sasa nisikilize. Ndiyo, utakuwa umekosea. Haja ya Marlys si kadi. Ameona watu wameanza kunong'ona akipita, wanaacha bakuli la chakula mlangoni na kukimbilia gari, akatafuta kisingizio cha kukukalisha mezani kwake. Wewe ukamjibu kwa mafua! Hivi unadhani hajui? Mwenzio anakufa, hajawa mjinga.

Unaogopa kulia. Lia. Ataona kuna mtu anayemlilia angali hai, na hilo si la kumharibia siku.

Ukimaliza kusoma hapa, mpigie. Usimwambie umepona, mwambie ulikuwa unaogopa. Muulize tumbo lake linakubali nini, umpikie hicho. Yeye achague rangi, wewe ukate, maana mkasi huenda umeshamzidi nguvu. Akichoka acheni, hata kama zimetoka tatu tu. Na akianza habari za mazishi yake, usimkatishe kwa habari za mvua na mavuno, kama tulivyozoea huku.

Waombolezaji watashukuriwa kwa kadi yoyote, hata hizo za zambarau. Lakini Marlys akifa akiamini ulimkimbia, hakuna kadi utakayoweza kumtumia.

Corinne