Beji ya Mutua

Wambui mjukuu wangu,

Niaje? Dandora nzima haijawahi kuzaa kichwa kikali kama changu. Niliacha shule darasa la nane ili wengine nao wapate nafasi. Usicheke. Hata kama nina miaka ishirini na saba, nyanya yako ni dada yangu mkubwa, kwa hivyo mimi ni guka wako na utaniheshimu. Yeye ni mzima, ananunia kila mtu kama kawaida.

Umeniuliza kwa nini rafiki yako Achieng hakusemeshi tangu uchaguliwe kwenye chama cha wanafunzi bora. Ni wivu, Wambui. Naujua.

Darasa la saba, rafiki yangu Mutua alichaguliwa kwenye chama kama hicho, mimi nikaachwa kwa alama mbili. Mutua, aliyekuwa akinakili hesabu zangu! Siku ya paredi, kila mzazi angembandikia mtoto wake beji. Mutua alikuwa mgonjwa nyumbani barua za mwaliko zilipotolewa, kwa hivyo mwalimu akanipa mimi nimpelekee mamake, muuza mitumba wa soko la Gikomba.

Siku ilipofika, Mutua alikodolea geti macho mpaka mwalimu akambandikia mwenyewe.

"Mathe amenisahau," akaniambia.

"Wamama wa Gikomba wako bize, buda," nikamjibu.

Achieng usimnunie. Mwombe akushikie beji siku ya paredi yenu.

Mamake Mutua hakusahau. Barua ilikuwa mfukoni mwangu, na mpaka leo sijamwambia Mutua.

Guka wako,
Kamau