Unakula cha Nani?

Kambi ya mkonge, upande wa Tanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama, shikamoo baba. Kaka Petro, nakuomba umsomee mama polepole, na akianza kulia umngoje. Hapo Mungaa mvua imenyesha? Kifua cha baba kimepona? Sisi ni wazima, tena tumeongezeka. Nimejifungua mtoto wa kike.

Mama, uliuliza kwa nini nilinyamaza muda mrefu. Niliona aibu. Leo nakueleza.

Nilipokuwa kwako sikujua kwamba chakula kina mwenyewe. Tulipalilia pamoja, baba na kaka wakachunga. Siku ya kupura uwele tuliimba mpaka vumbi likatukaba koo, na jioni wote tukala. Hakuna aliyeuliza nani kamlisha nani. Hata sasa nikifumba macho nasikia mawe ya kusagia, wewe, shangazi na mimi tumepiga magoti, shangazi akinisema kwamba nasaga kama mgeni.

Hapa kazi iko mbali na nyumba. Mkweo Yohana hutoka alfajiri kwenda kukata mkonge, mimi nabaki na chumba kimoja na sufuria moja. Jumamosi hupimiwa posho, unga wa mahindi na maharage, huileta begani. Nilikuwa nafagia mara tatu kwa siku ili mikono ipate kazi tu.

Siku moja nilimwambia nataka kulima kijishamba kule korongoni, kama wanavyolima wake wengine. Alikuwa amechoka, viganja vimechomwa na miiba.

"Ulime ili watu waseme nimeshindwa kukulisha?" akasema. "Kwani sasa unakula cha nani?"

Siku ile nililala bila kula, na kesho yake nikala kwa ajili ya mtoto aliyekuwa tumboni. Tangu hapo kila tonge lilikuwa zito kulimeza. Ningekuandikia nini, mama?

Uchungu ulinishika mchana, Yohana akiwa kazini. Jirani yetu, Mama Shida, Mnyamwezi, ndiye aliyenishika mgongo akaniita mwanangu. Alinipikia siku mbili, kisha ikambidi arudi kwenye kazi yake ya kuanika mkonge.

Siku ya tatu Yohana alirudi akakuta moto umezimika. Kwetu asingegusa mwiko, maana nyumba imejaa wanawake. Alitazama mlangoni kama vile kuna mtu atakayeingia. Halafu akapiga magoti, akapuliza moto. Ugali wake ulikuwa na mabonge, wa kesho yake ukaungua. Wenzake wakapita wakicheka, "Yohana, umeolewa?" Hakuinua uso.

Alipika hivyo kila siku akitoka kazini. Jioni moja akakaa chini, majivu yamemjaa kwenye nyusi.

"Monika, kazi hii haiishi," akasema. "Nikimaliza kupika kuna vyombo, kisha maji, kisha nguo za mtoto. Mimi nyapara ananiwekea alama nikimaliza. Wewe nani anakuwekea?"

Akajifuta majivu kwa kiganja.

"Lile neno nililokuambia, nisamehe."

Nililia, mama, naye akaniacha nilie mpaka nikanyamaza mwenyewe.

Sasa nimepata nguvu, mwiko umerudi kwangu, na hasira zake bado anazo. Lakini Jumapili baada ya ibada alichukua jembe akaenda korongoni, nikamfuata na mtoto mgongoni. Tafadhali nitumie mbegu za uwele na za mlenda kwa yeyote anayekuja kuandikishwa kazi huku. Mlenda wa huku si wetu.

Barua hii anaileta mtu wa Ihanja aliyemaliza mkataba wake. Mpe maziwa mgando anywe ashibe, huku ameyatamani sana. Msalimie shangazi, mwambie siku hizi nasaga vizuri ila mawe ndiyo sina. Msalimie wifi yangu, mke wa kaka Petro, na babu anayependa kukaa juu ya mawe makubwa nyuma ya zizi.

Mtoto tumempa jina lako. Kwa hiyo Yohana hathubutu kumkaripia. Akitaka kumbeba huvua kofia kwanza, huinamisha macho, husema, "Shikamoo mama mkwe."

Ni mimi, mtoto wa tumbo lako,
Monika