Nguchiro wa Mayai ya Bibi

Lusahunga, Jumanne

Nguchiro anayekula mayai ya Bibi ni mimi. Sijamwambia mtu, hata Mama, ambaye anadhani huwa nayanunua.

Tangu Mama afanyiwe upasuaji wa kupunguza ukubwa wa tumbo la chakula, anashiba kwa vijiko vichache tu. Daktari alisema vijiko hivyo viwe na protini, na vitamini ameze maisha yake yote. Mahindi ninayowachomea madereva wa malori yananipa hela ya vitamini, basi. Kopo la unga wa protini niliulizia bei nikarudi mikono mitupu. Kwa hiyo nimepanga hivi: vitamini zitoke dukani, protini itoke bandani.

Lakini Bibi, mama yake Baba, ameshikilia mila ya zamani kwamba mwanamke hali mayai. Nywele za Mama zinabaki kwenye kitana kila asubuhi kwa kukosa protini, na Bibi anawaza mayai yatoe vifaranga!

Leo aliinama kwenye kiota, akaguna. "Nguchiro huyu ana adabu kweli. Hata maganda haachi!"

Mimi huwa sijibu wakubwa. Leo maneno yalinitoka: "Labda ana mgonjwa nyumbani kwake, Bibi."

Alinitazama mpaka nikakimbilia ufagio. Sijui kama amenishuku...

Naogopa, kweli. Lakini nywele za Mama zinaniogopesha zaidi ya Bibi. Kesho kuku wakitaga, nachukua tena.

Na wewe, shajara yangu, ukiulizwa, sema ni nguchiro.