Hamsini Kaijuaje?

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Ule mfereji wa mshazari niliopangia mashine ya kukereza chuma jana asubuhi kwenye kompyuta, si nilikutumia hadi picha ya skrini? Digrii kumi na tano. Nikaujaribisha kwenye skrini, safi kabisa. Leo nabonyeza kuanza, kisu kikavamia chuma kichwakichwa, kikavunjika kacha!

Bosi akanijia juu mbele ya karakana nzima. "Wewe unalala kazini?" Nilikosa pa kuuweka uso.

Sasa sikiliza. Nimeduwaa hapo, faili lenyewe sijalifungua, anakuja yule tunayemwita Mpole, anayeuwania usimamizi pamoja nami. Kanishika bega. "Pole dada. Kuandika hamsini badala ya kumi na tano kunamtokea yeyote."

Hamsini!

Nikafungua kompyuta. Kweli, hamsini. Imebadilishwa jana saa saba mchana, wakati sote tumeenda kula. Sote isipokuwa yeye. Alisema tumbo linamsumbua.

Hamsini, shoga. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaiona!

Nimemjibu tu, "Asante, kaka." Hata nikatabasamu.

Ile picha usiifute.