Mpiga Ramli Hajui "Tu"

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Leo tumeletewa mpiga ramli. Si mzee na ubao wake wa mchanga — kishikwambi chenye jalada la buluu. Kamlesh wa kompyuta amekibeba kwa mikono miwili kama keki ya harusi. Kazi yake: kijana akiingia hapa dharura hospitalini, mimi najaza umri, presha, mapigo na majibu yake, nacho kinatabiri kama hali itakuja kuwa mbaya. Kijani, aketi asubiri. Manjano, daktari amwone upesi. Nyekundu — kimbia.

Nikamuuliza Kamlesh kama kinaweza kutabiri nitaolewa lini. Akasema data haitoshi. Sijui alikuwa anatania au la.

Jumatano, 6 Agosti
Vijana kumi na mmoja, wote kijani. Hata yule wa mkono uliovunjika! Sababu nimeiona. Swali la kwanza ni "Unajisikiaje?" na vijana wa Nairobi wana jibu moja. Mkono umepinda kama mpini wa mwavuli, "niko poa, sister."

Siwalaumu. Kwetu Mombasa hata aliyefiwa hujibu "njema" kwanza, kisha ndipo "ila..." Nikamweleza Kamlesh: kuna "poa" na kuna "poa tu". Poa ni poa. Poa tu — vuta kiti, uliza tena. Marehemu mama akijibiwa "salama tu" alikuwa anateleka birika moja kwa moja, anajua kuna maneno.

Kamlesh, masikini, akatafuta kisanduku cha "tu". Hakuna. "Sister Saleha, hiyo ni feeling, si data." Haya.

Alhamisi, 7 Agosti
Mpiga ramli kaishiwa chaji. Tumefanya kazi kwa macho na masikio. Raha.

Jumamosi, 9 Agosti
Niandike kabla sijasahau mpangilio.

Saa saba na nusu mchana. Msichana, Abeer, miaka kumi na tano. Kaletwa na baba yake, Ustadh Ridhwan, anasomesha madrasa mjini. Mpole, kofia imepigwa pasi. Aliposikia lafudhi yangu akauliza Mombasa wapi, nikamwambia Kuze, basi nikawa dada yake hapo hapo.

Abeer kasema ameanguka kwenye ngazi asubuhi. Tumbo linauma kidogo, na bega la kushoto. Nikalitazama bega — halina hata mchubuko. Presha nzuri. Mapigo mia na nne.

"Unajisikiaje?"

"Niko poa tu."

Nikajaza "poa", maana ndicho kisanduku kilichopo. Kijani. Aketi asubiri.

Baba yake akacheka. "Ngazi zipi tena, mwanangu? Sisi twakaa nyumba ya chini."

Abeer akainamia viatu vyake. Nikamtuma Ustadh kaunta akaandikishe jina, nikavuta kiti. Nikamwambia, mimi ni wa Kuze, "poa tu" hainipiti.

Akachungulia kaunta. Halafu: "Usishow Baba, sister. Please. Nilikuwa naskate na mabeshte kwa parking huko Hurlingham. Magurudumu yakateleza, nikagonga ile chuma ya kuzuia magari, hapa kwa mbavu. Baba anadhani nilikuwa darsa."

Nikaahidi sitamwambia. Ningefanyaje? Nilitaka aseme.

Lakini mbavu za kushoto, na bega linauma bila kuguswa! Chuoni walitufundisha: damu ikivuja tumboni, wakati mwingine bega ndilo hulalamika. Nikapima mapigo tena. Mia ishirini na mbili. Vidole vya baridi. Nikajaza upya — bado kijani, kinang'aa kama jani la sukuma. Hapo nikaogopa, hofu ya kweli.

Kuna kitufe cha kumpinga mpiga ramli. Ukikibonyeza kinadai sababu, bila sababu hakikubali. Nikaandika: TU. Kamlesh atanisamehe. Nikaenda mbio kwa Daktari Mutie.

Picha ya tumbo ilichukua dakika chache. Bandama imepasuka, damu imejaa. Mutie kamwambia Ustadh kuwa mtoto aligonga kitu kwa nguvu, lazima apasuliwe sasa hivi. Akatia sahihi. Hakuuliza kitu gani.

Bado Jumamosi, saa kumi na moja kasoro robo. Korido ya thieta ya upasuaji.
Zamu yangu iliisha zamani. Sijaenda. Ustadh yuko kando yangu, midomo inacheza, hana tasbihi, anahesabu kwa vidole. Nimemletea chai, imepoa bila kuguswa. Namwomba Mungu mtoto huyu atoke salama. Namwomba kwa sauti ya ndani, kwa maneno ya kitoto kabisa.

Sasa hivi kaacha kuhesabu. Kaniambia taratibu: najua mwanangu kakwambia jambo, dada Saleha. Sikuulizi alikuwa wapi. Siku akipenda atanambia mwenyewe.

Kisha: "Nakuuliza moja. Kaumwa tangu asubuhi, kanyamaza. Nimekaa naye mezani, kanyamaza. Alikuwa akiniogopa mimi?"

Nimejifanya naandika. Basi naandika. Nilimwahidi msichana, na jibu la swali hili ndilo siri yenyewe. Nikisema ndiyo, namvunja mzee. Nikisema la, atajua namwongopea, mtu wa kwetu huyu.

Mlango wa thieta umefunguka. Mutie anatoka, barakoa ameishusha shingoni. Ustadh hajageuka. Bado ananitazama mimi.